Ukingo Mmoja Uliombakia Nahodha Hamdun

Baada ya miaka arobaini na moja ya kutweka na kushusha tanga kati ya Esna na Aswani, Nahodha Hamdun Abdel-Mawla wa mashua Nasma anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili, siku anayotimiza miaka sitini. Ofisi imeniomba mimi, Wanis Bishay, mpishi wake kwa miaka ishirini na miwili, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe hii na niusome mbele yenu. Nadhani wamenichagua kwa sababu maneno yote ya chombo hupitia jikoni. Waliniambia niandike ukurasa mmoja na nisimkasirishe. La kwanza limeshanishinda, la pili tutaliona leo.

Nahodha alizaliwa Shabura, kijiji cha ukingo wa mashariki kati ya Edfu na Komombo, ambako kila nyumba ina mnara wa njiwa na kila mnara una mwenyewe anayedai ndio mrefu kuliko yote. Aliingia kazini na miaka kumi na tisa, baharia wa kusugua sitaha na kupanda mlingoti kukunja tanga. Miaka minane baadaye nahodha wake aliugua mgongo katikati ya safari, karibu na Komombo, akamkabidhi Hamdun usukani mpaka Aswani. Hakuuachia tena. Katika miaka thelathini na mitatu ya unahodha amewafundisha kazi manahodha saba, ambao watano wako hapa leo, wamekaa mstari wa mbele na kujifanya hawajawahi kutukanwa naye.

Kwa walio wageni wa kazi hii niseme kidogo. Nasma ina vyumba vinane na matanga mawili, na haina injini. Kwenda kusini inasukumwa na upepo wa kaskazini, na upepo ukilala, Mahrus anatuvuta kwa boti yake ndogo ya injini. Safari inayochukua siku moja na nusu kwa meli kubwa, sisi tunaimaliza kwa siku tano, na Nahodha huona hata hizo tano ni haraka isiyo na adabu. Meli zilikuwa zikitupita na muziki wake, wageni wakitupungia mikono kutoka ghorofa ya nne. Yeye alizitazama kama mtu anavyomtazama jirani anayekula amesimama.

"Wanakimbilia wapi hawa?" aliniuliza zaidi ya mara moja. "Aswani imehama?"

Hatulali penye gati. Tunalala visiwani, kwenye vijiji ambavyo ramani ya meli haivijui, mahali ambapo asubuhi sauti ya kwanza ni ya punda. Hakuna nguzo ya kufungia chombo huko. Nahodha anachagua ukingo, baharia anaruka na kigingi cha mti wa mgunga na nyundo ya mbao, anakipigilia ardhini mpaka kinakataa, na kamba inafungwa hapo. Vingi tunaviacha palepale kwa safari ijayo. Ukipita mtoni kutoka Esna kwenda kusini utaviona, vimekuwa vyeusi kwa maji na mikono, na karibu vyote vilichaguliwa mahali pake na mtu mmoja.

Kamba aliirusha mwenyewe. Hiyo hakumwachia mtu. Ilikuwa ikiruka na kujikunjua hewani, na yeyote aliyesimama ukingoni, awe mkulima, mwalimu au bwana harusi, alitakiwa aipokee. Asiyeweza alisikia maneno yake: "Idake kwa kifua, ndugu yangu, haiumi." Mwenyekiti wa mji wa Rudayma aliwahi kuidaka akiwa amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, kamba ikiwa imetoka majini. Wakawa marafiki tangu siku hiyo, ingawa mke wa mwenyekiti hakuwahi kutusalimia vizuri.

Kila mji ulikuwa na kazi yake katika maisha ya Nahodha. Alinyolewa Rudayma. Jibini kongwe alinunua Kilabiya, kwa mjane mmoja tu, na ukimletea ya kwingine aliijua kwa harufu. Viatu vilishonwa Sabil. Kwenye kisiwa cha Bisawi, ambako hakuna mtu ila ndege na ng'ombe waliovuka kwa kuogelea, alikuwa na jiwe lake la kukalia, na wageni walijifunza haraka kutolikalia. Nilimtania kwamba mji pekee asiosimama ni Shabura, na Shabura kuna mke. Hakucheka. Nilifahamu siku hiyo kwamba nimegusa pabaya.

Kabla sijafika huko niwakumbushe yule mgeni dereva wa treni. Alikuwa mstaafu wa reli huko kwao, na siku ya kwanza alisimama nyuma ya usukani na saa mkononi akiandika daftarini tumepita wapi dakika ngapi. Siku ya pili upepo ulilala, tukasimama katikati ya mto, na Nahodha akakataa kumwita Mahrus.

"Anakuja," akasema, maana upepo kwake ni mtu.

"Saa ngapi?" mgeni akauliza kupitia kwa mkalimani.

"Mwambie hajaniambia. Lakini hajawahi kunikosa."

Tulikaa saa tano. Nilipika mlenda na njiwa, watu wakala, wakalala, wakaamka. Mgeni alifoka, kisha nikamwona ameegemea ukuta wa chumba chake anatazama wanawake wa ng'ambo wakiosha sufuria, kama mtu aliyesahau alikuwa anagombea nini. Upepo ulipokuja, aliomba tusubiri kidogo. Ile saa yake alimwachia Nahodha, ambaye aliitundika jikoni kwangu. Haijatiwa betri mpaka leo.

Na niseme jambo langu binafsi, kwa kuwa sitapata nafasi nyingine. Mimi ni Mkristo na yeye Mwislamu. Katika mfungo wangu alihakikisha sufuria yangu haiguswi na samli, na katika Ramadhani mimi sikunywa maji mbele yake hata kwenye joto la Aprili. Hatukuwahi kuliongelea. Kuna watu unaweza kukaa nao kimya katika chumba cha hatua nne kwa miaka ishirini na miwili, na ninaogopa kidogo chumba hicho kitakavyokuwa Oktoba, msimu ukianza bila yeye.

Sasa Shabura.

Tulipita hapo siku ya tatu ya kila safari, kwenye saa nne asubuhi. Mto umenyooka pale kwa mwendo mrefu na upepo huwa mtamu kuliko mahali pengine popote. Juu ya paa la nyumba yenye mlango wa buluu, Mama Ragab, mkewe Nahodha, huanika shali. Nyekundu maana yake wote wazima. Ikiwa nyeupe, kuna mgonjwa, na Nahodha hutafuta gari usiku uleule tukishafunga chombo. Yeye humjibu kwa kuvua kilemba na kukipunga mara moja tu. Kisha anakohoa na kuniagiza chai, hata kama kikombe chake kimejaa.

Siku ya harusi yao, miaka thelathini na sita iliyopita, alimwahidi kwamba akishakuwa nahodha atamfuata kwa tanga. Si kwa gari. Atafunga kamba mbele ya nyumba, atampandisha, na watakwenda Aswani polepole, wakilala mahali wageni wanapolala, hadi Bisawi, hadi kwenye jiwe lile. Mama Ragab alifunga mzigo wake mwaka ule aliposhika usukani. Akaufungua. Kwa sababu nahodha anayeshusha tanga upepo ukiwa mzuri huchekwa kutoka Esna mpaka Aswani, na pale Shabura upepo ni mzuri daima. "Safari ijayo," alisema, "ukitulia kidogo." Haukutulia. Kurudi kaskazini tunavutwa bila wageni na ofisi inatusubiri. Kwa hiyo nyumbani alikwenda kwa basi, na begi lake begani, kama karani. Mama Ragab alikuwa na mume wa basi, na huyo hakuwa mbaya. Lakini mume wa tanga alimwona kwa mbali tu, mara moja kwa wiki, akipita.

Niliwahi kumuuliza waziwazi. "Nahodha, tanga likishuka dakika kumi, nani atakufa?"

"Hujui, Wanis. Wewe ni wa jikoni."

"Nijulishe basi."

"Nikisimama pale," akasema, "sidhani nitaondoka." Sikumchokoza tena.

Safari yake ya mwisho iliondoka Esna tarehe 12 Aprili. Tulipolala siku ya pili alituita wote nyuma ya chombo. "Kesho Shabura nashusha tanga," akasema. "Anayetaka kucheka acheke sasa." Hakuna aliyecheka. Basit, msaidizi wake kwa miaka kumi na mitano ambaye ndiye nahodha wetu mpya, alitoa kamba mpya ambayo haijapata kuloa. Mimi nilioka keki. Wageni wakaambiwa na wakavaa vizuri, kana kwamba wanakwenda kumposea mtu.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali kuliko siku yoyote ya msimu, na ukingo wa Shabura ulikuwa mweusi kwa watu. Mbele yao wote alisimama Mama Ragab, na mzigo wake miguuni. Nahodha alivaa kanzu mpya. Akatoa amri, tanga likashuka katikati ya upepo ambao manahodha wengine wangeulilia, na Nasma ikageuka kuelekea nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi na sioni haya kusema macho yalinilowa.

Basit alikuwa omo, mbele ya chombo, na pondo mkononi, anapima kina. "Nahodha, maji mafupi."

"Shikilia."

"Nahodha, mafupi kweli."

"Basit, mwanangu, unanifundisha Shabura?"

Akaelekeza chombo kama alivyofundishwa na baba yake utotoni: weka mnara mkubwa wa njiwa nyuma ya gurudumu la kunyweshea mashamba, kisha nenda moja kwa moja. Ila gurudumu liling'olewa zamani, pakawekwa pampu, na pampu haikuwekwa palepale. Na mafungu ya mchanga huhama kila mwaka. Ya kila mahali anayajua kwa sababu huyapima kila wiki. La Shabura hakuwahi kulipima, kwa kuwa hakuwahi kusimama hapo. Tukasikia mchanga ukisugua chini, polepole, kama mtu anayekuna sufuria, kisha Nasma ikatulia hatua mia moja kutoka ukingoni. Miaka thelathini na mitatu hajakwama na mgeni hata mmoja ndani, akaja kukwama mbele ya kijiji alichozaliwa.

Shabura nzima ikacheka, na niwe mkweli, ningekuwa ukingoni ningecheka pia. Mtu mmoja akapaza sauti, "Hamdun, hujambo! Tukuletee punda?" Nahodha alishika usukani kana kwamba bado unahitaji kushikwa. Uso wake sikuweza kuutazama.

Ndipo tukamwona Mama Ragab anakuja. Aliuacha mzigo ukingoni, akamwamuru jirani amvushe kwa kimashua chake cha kuvulia, na akapanda Nasma bila kushikwa mkono, na kapu la mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, kichwani. Akamtazama mumewe toka kilemba hadi viatu.

"Miaka thelathini na sita nakungoja unifikie, Baba Ragab," akasema. "Kumbe ungekwama tu mapema, ningekufuata mwenyewe."

Nahodha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na wageni ambao hawakuelewa neno wakacheka naye.

Mahrus alihitaji saa mbili kutunasua, na saa mbili hizo Mama Ragab alikagua chombo chote. Alibonyeza vitanda. Alifungua sufuria zangu na kusema chai yangu ni ya mgonjwa. Mwisho alikaa kwenye kiti cha wageni, mbele, akatazama Shabura kutoka majini, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

"Ndivyo hivi unavyotuona?" akauliza. "Nyumba ndogo hivi?"

"Ndogo hivyo."

"Na shali inaonekana?"

"Tangu kwenye kona."

"Kuna wiki moja nilisahau kuianika. Mwaka aliozaliwa Ragab."

"Najua," Nahodha akasema. "Sikupata usingizi mpaka Aswani."

Mama Ragab akawa anavunja mkate vipande na kumpa, na yeye anakula. Wote tulitafuta kazi ya kufanya mahali pengine.

Chombo kiliponasuka, upepo ulikuwa bado unasubiri. Nahodha alimwomba aendelee naye. Chumba kipo, mzigo utaletwa na jirani, Bisawi ni kesho. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Mama Ragab alijifunga mtandio wake.

"Umeniahidi utafunga kamba kwangu," akasema, "kama unavyofunga kwa yule mjane wa jibini. Mimi nimekuja kukutazama tu ulivyokwama. Maliza safari yako, Baba Ragab, uje nyumbani." Sauti yake ilikuwa ya utani mpaka kwenye neno la mwisho. Akashuka.

Tukatweka tanga. Alisimama kwenye kile kimashua, akawa mdogo, kisha kona ikamchukua. Siku hiyo Nahodha hakuniagiza chai. Nilimpelekea mwenyewe, akaiacha ikapoa.

Haya ndiyo yaliyobaki kusema, na mengi Nahodha anayasikia leo kwa mara ya kwanza. Ofisi ilituuliza zawadi gani inafaa. Walitaja saa ya mkono. Tukawaonyesha ile iliyotundikwa jikoni, wakaelewa. Kwa hiyo wakati Nahodha amebaki Aswani siku mbili kukabidhi vyeti vyake, sisi tulirudi kaskazini bila yeye, na Shabura tukasimama. Basit na Mahrus walishinda asubuhi nzima majini na pondo, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye pampu. Njia ipo. Iko upande wa kusini wa mnara mkubwa, hatua sitini kutoka pampuni, na maji yake ni marefu mpaka yanagusa ukingo. Hapo tumepigilia kigingi cha mgunga. Mama Ragab mwenyewe ndiye aliyekishika kisimame huku Basit akipiga nyundo, na alimwonya mara tatu achunge vidole vyake. Nahodha, ukijiuliza kwa nini wiki hii mbuzi wako amefungwa pale chini mtoni badala ya zizini, sasa umejua.

Tunakushukuru kwa kila ukingo ulioutafuta ili sisi tulale salama, na kwa matusi, ambayo hatukustahili yote. Mafuta ya mkono wako yako kwenye usukani na Basit ameapa hataupaka rangi. Uishi kwa raha, Nahodha, uchoke kupumzika, na ukituona tunapita ujue hakuna hata mmoja wetu anayepita bila kukutafuta kwa macho.

Lakini safari ya kwanza ya msimu hatutapita. Tarehe 8 Oktoba, kwenye saa nne asubuhi, tanga litashuka Shabura, uwe upepo wa aina yoyote, na Basit yuko tayari kuchekwa kutoka Esna mpaka Aswani. Chumba namba moja hakina mgeni. Mama Ragab ameshafunga mzigo. Wewe simama karibu na kigingi. Kamba nitairusha mimi, nami kama unavyojua ni wa jikoni, kwa hiyo itakuja vibaya. Idake kwa kifua, Nahodha. Haiumi.